Kwa nini treni tupu ya makaa ya mawe hupanda mabonde ya Appalachia ikiwa na vichwa vingi?

Msomaji wa Ramani

Ndugu zangu, kwa muda sasa nimekuwa nikifuatilia, kupitia picha za setilaiti na video zinazopigwa na wapenzi wa reli, matawi yanayochomoza kutoka njia kuu ya kampuni ya reli ya Norfolk Southern katika kaunti ya McDowell na kaunti jirani, kwenye milima ya Appalachia kusini mwa jimbo la West Virginia, Marekani. Tawi la namna hiyo huiacha njia kuu pale kijito kinapoingia mtoni, hukifuata kijito hicho kona kwa kona, na kuishia juu bondeni kwenye mgodi au kwenye kiwanda cha kuoshea makaa. Kwa hiyo mabehewa hupanda yakiwa matupu na kushuka yakiwa yamejaa, jambo ambalo kwa fikra zangu ni neema kwa mwenye reli, kwa kuwa mzigo unasaidiwa na mteremko.

Hata hivyo, karibu kila video ninayoitazama inaonyesha treni tupu ikipanda na vichwa vitatu au vinne, mara nyingine viwili mbele na viwili nyuma, ilhali mabehewa matupu si mzigo wa kuhitaji nguvu zote hizo. Vichwa hivyo ni vya nini? Pili, mabonde yenyewe ni membamba kiasi kwamba mto, barabara na reli vinagombea nafasi. Treni ya mabehewa mia moja inageukia wapi baada ya kupakia? Tatu, inakuwaje katika kaunti moja tawi hili lina treni hadi leo, na la jirani yake limeota miti katikati ya mataruma, wakati yote mawili yalijengwa kufuata makaa katika milima ileile?

Fundi wa Breki

Ndugu Msomaji wa Ramani, vichwa hivyo havipelekwi juu kwa ajili ya kupanda, bali kwa ajili ya kushuka.

Tuanze na hesabu. Behewa la makaa la kawaida nchini Marekani siku hizi linaruhusiwa uzito wa jumla wa ratili 286,000, yaani karibu tani 130 za metriki, na likiwa tupu halifiki tani 30. Treni ya mabehewa 100 basi inapanda ikiwa na uzito usiofika tani 3,000, bila kuhesabu vichwa, na inarudi na tani 13,000. Kwenye mwinuko wa asilimia moja, maana yake mita moja kwenda juu kwa kila mita mia za mwendo, uzito unaoivuta treni tupu kurudi nyuma haufiki tani 30, na kichwa kimoja cha kisasa kinaumudu. Wakati wa kurudi, mteremko uleule unaisukuma treni iliyojaa kwa nguvu ya takribani tani 130, na inaendelea kuisukuma hivyo hadi chini. Nguvu hiyo lazima imezwe na kitu.

Kitu cha kwanza ni breki ya umeme iliyomo ndani ya vichwa vyenyewe. Dereva anapoitumia, mota zinazozungusha magurudumu zinageuka kuwa jenereta, na umeme wake unateketezwa kuwa joto katika vipingamizi ambavyo feni kubwa huvipuliza. Kichwa kimoja kikubwa cha kisasa kinaweza kuzuia kwa nguvu ya kati ya tani 40 na 50. Gawanya mwenyewe tani 130 kwa kiasi hicho, ukikumbuka kwamba msuguano wa magurudumu na wa kona unasaidia kidogo, nawe utaona vichwa vitatu vinatoka wapi. Idadi ya vichwa inapangwa kwa kutazama uzito utakaoteremka, na wakati wa kupanda sehemu kubwa ya nguvu hiyo haina kazi.

Utauliza kwa nini wasitegemee breki za hewa za mabehewa, ambazo ziko kila gurudumu. Zinatumika, lakini zina tabia ambayo kila dereva wa milimani anaiogopa: breki ya hewa ya treni ya mizigo ya Marekani haiwezi kulegezwa nusu. Unaweza kuongeza kukaza kidogo kidogo, ila ukiamua kulegeza, inaachia yote, kisha matangi ya kila behewa yanahitaji dakika kadhaa kujazwa hewa upya kupitia bomba linalopita urefu wote wa treni. Dereva anayekaza na kulegeza mara kwa mara kwenye mteremko mrefu anaweza kujikuta na matangi yasiyo na hewa ya kutosha huku treni ikizidi kwenda kasi. Ajali nyingi za treni kutoroka zimeanza hivyo. Zamani, kabla ya breki ya umeme, treni ilisimama kileleni na wafanyakazi wakatembea kugeuza vali ndogo kwenye kila behewa, vali iliyobakiza sehemu ya hewa kwenye silinda za breki ili magurudumu yaendelee kubanwa wakati matangi yanajazwa. Vali hizo bado zimo kwenye mabehewa hadi leo, na kwenye miteremko mikali kanuni bado zinaweza kudai zitumike.

Vichwa vya nyuma vina faida ya ziada. Vinaongozwa kwa redio na dereva aliye mbele, na vinatoa na kuingiza hewa ya breki kutoka upande wao, hivyo amri ya kukaza haisubiri kusafiri kilomita moja na nusu ya bomba. Vilevile vinapunguza msukumano kati ya mabehewa. Treni ndefu iliyo kwenye kona tatu kwa wakati mmoja, huku uzito wote ukiegemea vichwa vya mbele, inaweza kulisukuma behewa jepesi nje ya reli.

Karani wa Mabehewa

Nakubaliana na maelezo ya Fundi, nami nichukue swali la pili, ambalo jibu lake fupi ni kwamba treni haigeuki.

Kwenye tambarare za Wyoming, mwenye mgodi hujenga njia ya mduara, treni ikazunguka chini ya ghala la kupakilia na kutoka ikiwa imejaa bila kusimama. Katika bonde la Appalachia huwezi kupata eneo la mduara huo bila kuung'oa mlima. Kinachofanyika ni kwamba treni hupita chini ya mnara wa kupakilia kwa mwendo wa chini ya kilomita mbili kwa saa, pole kuliko mtu anayetembea, mfanyakazi aliye juu akifungua na kufunga mlango wa makaa kwa kila behewa. Kwa utaratibu huo unahitaji njia yenye urefu wa treni nzima kabla ya mnara na urefu mwingine kama huo baada yake, takribani kilomita moja na nusu kila upande, na bonde likikosa urefu huo treni inakatwa vipande viwili au vitatu. Kazi ikimalizika, vichwa vilivyokuwa nyuma vinakuwa vya mbele, na treni inateremka ilikotoka. Kama vichwa vyote vilikuwa upande mmoja, lazima kuwe na njia ya pembeni ya kuvizungusha hadi upande wa pili, na njia hiyo nayo inakula ardhi ambayo haipo.

Zamani mambo yalikuwa tofauti kabisa, na kwa maoni yangu yalikuwa ya werevu zaidi. Injini ya mvuke ilikuwa inayaacha mabehewa matupu upande wa juu wa kituo cha kupakilia, ikaondoka zake. Wafanyakazi wa mgodi waliyaachia mabehewa moja moja yateremke kwa uzito wake, mtu mmoja akiwa amepanda na kushika gurudumu la breki ya mkono, yakapita chini ya mifereji ya makaa yaliyochekechwa kwa ukubwa, kila ukubwa na njia yake, kisha yakasimamishwa upande wa chini kusubiri kuchukuliwa. Mlima ulifanya kazi ya injini siku nzima. Ukitazama picha za zamani za mabonde hayo utaona njia tatu au nne sambamba chini ya jengo la mbao lililosimama juu ya nguzo. Sasa unajua kwa nini zilikuwa nyingi.

Jambo ambalo halionekani kwenye setilaiti ni kwamba mgodi unaweza kuwa na makaa, reli ikawa nzima, na bado kazi ikasimama kwa kukosa mabehewa matupu. Sehemu kubwa ya makaa ya kuuzwa nje kutoka njia hii hupelekwa gati la Lamberts Point mjini Norfolk, Virginia, ambako mabehewa hupinduliwa mawili mawili na kumwagwa. Gati hilo halina uwanja wa kurundika makaa. Makaa hukaa ndani ya mabehewa, kwenye yadi, hadi meli ifike, na aina mbalimbali huchanganywa wakati wa kumwaga kulingana na anachotaka mnunuzi. Kwa hiyo meli ikichelewa, yale mabehewa yanayosubiri pwani ni yaleyale yanayokosekana juu bondeni.

Treni ikionekana imesimama saa nyingi mahali pasipo na kituo, huenda saa za wafanyakazi zimekwisha. Sheria ya shirikisho inawakataza kufanya kazi ya kuendesha treni zaidi ya saa 12 mfululizo, na kupakia peke yake kunaweza kumeza saa kadhaa za siku hiyo. Zikifika, treni inafungwa breki za mkono hapo ilipo, gari linawaleta wafanyakazi wengine, na safari inaendelea.

Mpenda Mvuke

Wenzangu wameeleza vizuri, ila naona wote wanazungumza kana kwamba safari inaisha tawi linapokutana na njia kuu. Ndugu muulizaji amesema mteremko ni neema. Mimi nasema ni mkopo, na deni lake hulipwa mbele. Maji ya kaunti ya McDowell yanateremka kuelekea kaskazini-magharibi, kwenye mto Tug Fork na hatimaye Ohio, wakati soko la nje liko mashariki, baharini. Treni inayokwenda Norfolk inashuka na kijito hadi njia kuu, kisha inaanza kupanda mgongo wa milima ikiwa imejaa.

Kampuni ya Norfolk & Western, mtangulizi wa Norfolk Southern ya leo, ilisafirisha makaa yake ya kwanza kutoka Pocahontas, Virginia, mwaka 1883, na haikuchukua muda mrefu kabla mwinuko wa bonde la Elkhorn kugeuka kikwazo kikubwa. Kulikuwa na handaki la njia moja, moshi wa injini tatu kubwa ukiwafukiza wafanyakazi ndani yake, na treni zikitambaa. Mwaka 1915 kampuni ilianza kutumia vichwa vya umeme katika sehemu hiyo, uamuzi wa kustaajabisha kwa kampuni iliyoishi kwa kusafirisha makaa na iliyokuwa ikiunda injini za mvuke katika karakana zake za Roanoke. Umeme ulidumu hadi mwaka 1950, lilipofunguliwa handaki jipya la njia mbili lenye mwinuko nafuu zaidi, na mvuke ukarudi kuchukua mahali pa umeme. Sijui reli nyingine kubwa ya Marekani iliyopiga hatua hiyo kinyumenyume na ikawa na sababu nzuri ya kufanya hivyo: injini zake za Y6 zilikuwa na nguvu ya kutosha kwa mwinuko mpya, na mafuta yake, yaani makaa, yalikuwa mlangoni. Kampuni hiyo ilikuwa ya mwisho miongoni mwa reli kubwa nchini humo kuachana na mvuke, mwaka 1960.

Jirani yake, Virginian Railway, iliyokamilika mwaka 1909 kwa fedha za Henry Huttleston Rogers, ilikuwa na mlima wake huko Clarks Gap, wenye mwinuko wa takribani asilimia mbili dhidi ya treni zilizojaa. Nayo iliweka umeme mwaka 1925, kutoka Mullens hadi Roanoke, takribani kilomita 216. Vichwa vyake vilivyokuwa vikiteremka na mzigo upande wa pili wa kilele vilirudisha umeme kwenye nyaya, ukawasaidia wenzao waliokuwa wakipanda. Breki ya umeme anayoieleza Fundi hutupa nguvu hiyo hewani. Norfolk & Western iliinunua Virginian mwaka 1959, na umeme ukazimwa mwaka 1962, kwa kuwa kampuni ikiwa na njia mbili za kuvuka milima iliweza kuelekeza mzigo wa mashariki kwenye njia iliyo rahisi zaidi.

Fundi wa Breki

Mzee wangu Mpenda Mvuke, nakubali kuhusu deni, lakini si kila treni inalilipa. Makaa yanayokwenda magharibi, kwenye viwanda vya chuma na mitambo ya umeme ya upande wa Ohio na Maziwa Makuu ya Marekani, yanafuata mto hadi mbali bila kuvuka kilele hicho. Kwa tawi lenyewe, hata hivyo, hakuna tofauti: mzigo ukienda mashariki au magharibi, unashuka bondeni kwanza.

Mwanafunzi wa Miamba

Swali la tatu halijaguswa. Msomaji anasema matawi yote yalifuata makaa katika milima ileile. Mlima unaweza kuwa mmoja na makaa yakawa ya aina nyingi, kwa sababu yamelala kwa tabaka, moja juu ya jingine, na kila tabaka lina tabia zake na mnunuzi wake.

Tabaka lililoitajirisha sehemu hiyo linaitwa Pocahontas namba 3. Makaa yake yana gesi kidogo na salfa kidogo, na yakichomwa bila hewa yanatoa koki nzuri ya kuyeyushia madini ya chuma. Kwa sababu hiyo kampuni ya U.S. Steel ilijenga mji mzima wa Gary katika kaunti ya McDowell mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya makaa ya tanuri zake. Matabaka mengine yalifaa zaidi kuchomwa kwenye mitambo ya kuzalisha umeme.

Mnunuzi wa aina hii ya pili ndiye aliyeondoka. Uzalishaji wa makaa Marekani ulifikia kilele mwaka 2008, zaidi ya tani fupi (za kilo 907 kila moja) milioni 1,170, na mwaka 2020 ulikuwa umeshuka hadi takribani milioni 535. Gesi ya kwenye miamba ya shale ilikuwa nafuu kwa mitambo ya umeme, na kabla ya hapo makaa ya Wyoming, yanayochimbwa karibu na uso wa ardhi katika matabaka manene, yalikwisha kuchukua sehemu kubwa ya soko, hasa baada ya sheria ya hewa safi kurekebishwa mwaka 1990 na kubana salfa. Viwanda vya chuma vinavyotumia tanuri za koki haviwezi kuibadilisha koki kwa gesi kirahisi namna hiyo, na vingi viko ng'ambo ya bahari. Tawi lenye mgodi wa makaa ya koki ambao bado una akiba lina treni. Tawi lililolisha mitambo ya umeme, au ambalo tabaka lake bora limekwisha kuchimbwa, ndilo lenye miti. Watu nao wamefuata mkondo huo: kaunti ya McDowell ilikuwa na wakazi karibu 99,000 mwaka 1950, na sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wapatao 19,000.

Njia kuu imenusurika kwa kupata kazi nyingine. Mwaka 2010 ulikamilika mradi wa kuongeza kimo cha mahandaki 28 ili treni za makontena yaliyopangwa mawili kwenda juu zipite kutoka Norfolk kuelekea Ohio na Chicago. Tawi linaloishia mgodini haliwezi kupata kazi mbadala kama hiyo, kwa kuwa haliendi popote pengine.

Msomaji wa Ramani

Nawashukuru nyote, sasa hata video nitazitazama kwa jicho jingine. Nimebaki na moja. Katika yale matawi yenye miti, mengine reli zimeng'olewa na kuachwa tuta tupu, mengine reli zipo na zimeshika kutu. Je, haya ya pili ni uzembe tu wa kutong'oa chuma?

Karani wa Mabehewa

Mara nyingi si uzembe. Kampuni ya reli ya Marekani haiwezi kufuta tawi kwa kuamua tu. Inahitaji idhini ya Surface Transportation Board, chombo cha shirikisho kilichochukua nafasi ya Interstate Commerce Commission mwanzoni mwa mwaka 1996. Tawi ambalo halijapitisha mzigo wa wenyeji kwa miaka miwili linaweza kufuata utaratibu mfupi, lakini kuna kipindi ambacho mtu mwingine anaweza kujitokeza kulinunua. Kuacha kuendesha treni hakuhitaji safari hiyo yote, nako kunamwachia mwenye reli mlango wazi: bei ya makaa ya koki hupanda na kushuka, na tawi lililolala likihitajika, kukata miti na kubadilisha mataruma ni nafuu kuliko kutafuta upya haki ya kupita katika bonde ambalo mashamba na nyumba zimeshaingia kwenye tuta. Akiba ya makaa iliyobaki juu ya tawi ndiyo anayoitazama kabla ya kuamua kung'oa.

Ipo pia njia ya katikati, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1983, ambapo reli huondolewa na tuta likakabidhiwa kwa matumizi ya njia ya miguu na baiskeli, huku haki ya kurudisha reli ikihifadhiwa. Kwa jinsi tuta la zamani linavyofaa baiskeli, tazama lile la Abingdon kusini-magharibi mwa Virginia, tawi la Norfolk & Western ambalo treni yake ya mwisho ilipita mwaka 1977, na ambalo limegeuzwa njia ya Virginia Creeper yenye urefu wa takribani kilomita 55. Lenyewe liliishi zaidi kwa mbao kuliko makaa. Kwa yale unayoyaona McDowell, kaza macho pale tawi linapoungana na njia kuu: kama swichi, yaani reli zinazosogezwa ili treni iingie tawini, bado ipo, mwenye reli hajaamua, kama imeondolewa na njia kuu imenyooshwa, basi kuirudisha kutakuwa gharama mpya, na mara nyingi nyaraka za kufuta tawi hazitachelewa kuwasilishwa.